Kutafuta Habari za Wazee katika Barua na Vitabu vya Zamani

Ukimwuliza mwanafunzi jina la babu yake, atajibu mara moja. Ukimwuliza jina la baba wa babu yake, atafikiri kidogo. Ukizidi kumwuliza, atanyamaza. Si kwamba wazee hao hawakuwapo; walikuwapo, wakalima, wakaoa, wakazaa, wakazika wafu wao. Lakini habari zao zilikaa vinywani mwa watu, na mtu afapo huenda na maneno yake. Kwa hiyo yafaa kila ajuaye kusoma na kuandika ajifunze namna ya kuzitafuta habari za ukoo wake kabla hazijapotea.

Mashahidi wa habari hizo ni watatu. Wa kwanza ni vinywa vya wazee, wa pili ni barua na karatasi zilizowekwa nyumbani, na wa tatu ni vitabu vya makanisa na vya serikali. Kila shahidi ana nguvu yake, na kila mmoja ana udhaifu wake.

Vinywa vya wazee

Kazi huanza nyumbani. Mwanafunzi amwendee bibi au babu kwa adabu, wakati wa mapumziko, wala asimharakishe. Asiulize, “Ulizaliwa mwaka gani?” kwa maana wazee wengi wa zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Aulize, “Wakati ule palikuwa na jambo gani kubwa?” Mzee atasema, wakati wa njaa fulani, au wakati wa vita. Mambo mengi ya namna hii miaka yake yajulikana. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914, ikaisha mwaka 1918. Mzee akisema baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita hiyo naye mwenyewe alikuwa bado kubebwa mgongoni, mwaka wake umekwisha kukaribia kujulikana.

Karatasi za nyumbani

Baada ya wazee huja makasha. Katika nyumba nyingi mna kasha au mkoba wenye karatasi zilizokunjwa: barua, stakabadhi za kodi, cheti cha ndoa, hati ya shamba. Mwenye kuzifungua awe na mikono safi na mikavu, azifungue polepole, wala asitupe bahasha, kwa kuwa mhuri wa posta huonyesha mahali na siku hata kama mwandishi hakuandika tarehe.

Barua nyingi za zamani za pwani ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Asiyezijua atafute mwalimu wa chuoni amsomee. Tena barua hizo huwa na tarehe ya Hijra, na hapo wengi hupotea. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi wa mbinguni, nao una siku 354 au 355 tu. Basi hupungua siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda ya Kizungu, na miaka 33 ya Hijra hukaribia kuwa sawa na miaka 32 ya kalenda hiyo. Hesabu yake ni hii: zidisha mwaka wa Hijra kwa 32, gawanya kwa 33, kisha jumlisha 622. Barua ya mwaka 1318 yaonyesha mwaka 1900. Mtu ajumlishaye 622 tu bila kuzidisha na kugawanya atapata 1940, naye atakuwa amemsogeza babu yake miaka 40 mbele, pengine akamfanya aandike barua baada ya kufa.

Majina ya miezi nayo yataka uangalifu. Waswahili huhesabu miezi tangu kwisha Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na kuendelea. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijra, yaani Muharamu, ndio Mfunguo Nne. Mtu asiseme Mfunguo Nne ni mwezi wa nne wa Hijra.

Jambo jingine ni maneno ya udugu. Mwandishi akiandika “mwanangu,” huenda ni mtoto wa ndugu yake. Akiandika “baba,” huenda ni baba mdogo. Akiandika “ndugu,” huenda ni rafiki tu. Mwenye kusoma barua asichore mti wa ukoo kwa neno moja. Atafute kwanza barua ya pili au mzee wa kumthibitishia.

Vitabu vya makanisa na vya serikali

Shahidi wa tatu ni kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha maziko. Humo huandikwa jina, siku, na mara nyingi majina ya wazazi na ya wasimamizi. Kwa jamaa nyingi vitabu hivyo huongeza tu yale yaliyokwisha kujulikana nyumbani. Lakini ziko jamaa ambazo mstari mmoja wa kitabu ndio daraja pekee la kuwafikia wazee wao. Hao ni wajukuu wa watu waliotiwa utumwani wakiwa watoto.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hata baada ya hapo majahazi yaliendelea kuchukua watu kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliyakamata baadhi yao. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha kijiji cha Freretown, upande wa Kisauni, karibu na Mombasa, ili watu waliookolewa wapate makao. Unguja nako, Misheni ya Vyuo Vikuu iliweka watu kama hao Mbweni. Na mwaka 1876 wengine walikwenda pamoja na Askofu Steere kurudi bara, wakaanzisha kijiji Masasi. Huko Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watumwa waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa karatasi za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fedha.

Watoto waliofika katika vijiji hivyo walitoka mbali, wengine kwa Wayao, wengine pande za Ziwa Nyasa. Wengine walikuwa wadogo hata hawakuweza kueleza kwao ni wapi. Walipobatizwa walipewa majina mapya. Mfano wake ni Jacob Wainwright. Yeye alikuwa Myao, akaokolewa utumwani, akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, tena akawa mmoja wa watu walioichukua maiti ya Dkt. Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, hata ikafika pwani. Wainwright aliandika habari za safari ile kwa mkono wake mwenyewe, na maandiko hayo yapo hata leo. Lakini nani, akilisikia jina lake peke yake, angejua kwamba ni mtoto wa Wayao? Mwenzake katika safari ile, Matthew Wellington, aliyefariki mwaka 1935, naye alikuwa Myao. Jina lake la utotoni, Chengwimbe, liliandikwa likahifadhiwa. Kwa neno hilo moja watu wajua ya kuwa kabla ya Wellington alikuwako mtoto mwenye mama aliyemwita kwa jina jingine.

Basi mwenye kusoma kitabu cha namna hiyo asiangalie jina la ubatizo tu. Atazame kama pameandikwa jina la kwanza, kabila, au mahali alipotoka. Akumbuke pia kwamba mwandishi alikuwa mara nyingi mgeni, akaandika kama sikio lake lilivyosikia. L huenda ikawa R. Na Wayao huenda wakaandikwa Wahiao. Neno “Mnyasa” huenda lisiwe kabila hata kidogo, bali ni mtu yeyote aliyetoka upande wa ziwa. Mtu mmoja aweza kuandikwa kwa namna tatu katika vitabu vitatu.

Vitabu vingine vingali makanisani, na ruhusa huombwa kwa padre. Karatasi za serikali zahifadhiwa katika nyumba za nyaraka za taifa, kama ile ya Nairobi, ya Dar es Salaam, na ya Kilimani huko Unguja. Barua za wamisionari wa Freretown ziko katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na za Misheni ya Vyuo Vikuu ziko Oxford, nchini Uingereza.

Mashahidi wakipingana

Mara nyingi mashahidi hawapatani. Kwa mfano, bibi aweza kusema kwamba babu alizaliwa reli ilipoanza, yaani mwaka 1896. Kitabu cha kanisa chasema alibatizwa mwaka 1907. Hapo hapana ugomvi. Siku ya ubatizo si siku ya kuzaliwa, na wengi walibatizwa wakiwa wakubwa. Lakini ikipatikana barua ya mwaka 1901 imtajayo mtu wa jina lile kuwa anafanya kazi bandarini, hapo pana shida, kwani mtoto wa miaka mitano hapakii mizigo. Ama bibi amekosa, ama barua yamtaja mtu mwingine, kwa kuwa ni desturi ya wengi kumpa mtoto jina la babu yake. Mwenye hekima hatachagua shahidi ampendaye, bali ataandika maneno ya wote watatu, aendelee kutafuta. Asipopata, ataandika “haijulikani.” Neno hilo si aibu. Aibu ni kujaza pengo kwa uwongo, kwa sababu watoto wake watausoma na kuuamini.

Heshima ya kazi hii

Iko hatari moja. Mtu akizitafuta habari za wazee aweza kukuta jambo la uchungu: kwamba bibi yake aliuzwa kwa doti za nguo, au kwamba babu yake ndiye aliyeuza watu. Tena katika miji ya pwani wako waliotukanwa kwa asili yao miaka mingi hata baada ya utumwa kukomeshwa, na kwa sababu hiyo wazee wao walinyamaza. Mzee akikataa kusema, asilazimishwe. Na habari iliyopatikana juu ya jirani si silaha ya kumpigia wakati wa ugomvi.

Methali yasema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Lakini wale watoto wa majahazi hawakuiacha asili yao, walinyang’anywa. Wengine waliishika kwa nguvu zote. James Juma Mbotela, mwana wa Myao aliyekombolewa akakaa Freretown, alizikusanya habari alizozisikia kwa baba yake na wazee wenzake, akaandika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Wazee wale wamekwisha kufa wote, na maneno yao yasomwa hata leo.

Basi mwanafunzi mwenye daftari na kalamu anacho cha kutosha kuanzia. Aandike jina, mahali, na mwaka; na kando ya kila habari aandike aliipata kwa nani, au katika kitabu gani, na siku gani. Kisha daftari hilo liwekwe mahali pakavu, wadogo zake wajue lilipo.

MASWALI

1. Mashahidi watatu wa habari za ukoo ni nani? Taja udhaifu mmoja wa kila mmoja.
2. Barua imeandikwa mwaka 1300 wa Hijra. Tafuta mwaka wake katika kalenda ya Kizungu.
3. Kwa nini siku ya ubatizo haitoshi kuonyesha umri wa mtu?
4. Eleza kwa nini jina Chengwimbe lina thamani.
5. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu habari za wazazi wake. Andika ukurasa mmoja, na kando ya kila habari andika umeipata kwa nani.