Lenzi ya Kuvuta Mbali: Kikundi Kipime Kabla ya Kulipa

Somo la safari hii ni la vikundi vilivyo na kamera ya mradi, au vinavyofikiria kununua. Wengine watasema, sisi ni watu wa kuku na mitungi ya maji, lenzi zatuhusu nini? Hata hivyo someni, maana pesa zilizopotea katika kisa hiki ni kama pesa zenu.

Kikundi kimoja upande wa pwani kilikuwa na kamera pamoja na lenzi yake ndogo, ile ya milimita 18 mpaka 55 ambayo huja na kamera dukani. Walipiga picha za arusi, za michezo ya shule, na mara nyingine za wageni waliokuja kutazama ndege. Wakaona wanahitaji lenzi ya kuvuta mbali. Wakachukua pesa za mzunguko za miezi minane, wakamtuma kijana mmoja mjini, naye akarudi na lenzi ya mtumba ya milimita 75 mpaka 300. Wote walifurahi. Mia tatu ni nyingi kuliko hamsini na tano, sivyo?

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na arusi kanisani. Mpiga picha alisimama nyuma kabisa asisumbue ibada, akavuta mpaka mwisho. Picha zilipotolewa, mama wa bibi arusi alizitazama moja moja, kisha akauliza, "Wanangu, huyu ni binti yangu au ni moshi?" Kikundi kilirudisha nusu ya malipo. Yule kijana aliyetumwa mjini hakuja kikaoni kwa majuma mawili.

Lenzi ile haikuwa mbovu. Asubuhi ile ile ilikuwa imepiga ngalawa baharini, na picha zikatoka safi. Kosa ni kwamba walinunua namba kubwa bila kuuliza kazi gani, mahali gani, na mwanga upi.

Tuanze na namba. Milimita zinaonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Yenye namba mbili, kama 55–250, inaweza kuvutwa na kurudishwa. Yenye namba moja haibadiliki, ukitaka mtu awe mkubwa unatembea kwa miguu. Sasa, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni jaribio hili kikaoni. Chukueni kipande cha katoni, mkate tundu la mstatili lenye upana wa milimita 22 na kimo cha milimita 15. Hicho ndicho kipimo, karibu sawasawa, cha kipande kinachopokea picha ndani ya kamera nyingi za bei ya kadiri. Fungeni uzi kwenye katoni, mpige mafundo: milimita 55 kutoka kwenye tundu, milimita 100, milimita 250. Shika fundo la 250 kando ya jicho, uzi ukaze, ufumbe jicho la pili, utazame ndani ya tundu. Unachokiona ndicho lenzi ya 250 itakachokiona. Sogea fundo la 55, utaona uwanja umepanuka.

Katoni hii haigharimu kitu, nayo husema kweli kuliko muuzaji. Nendeni nayo kanisani, uwanjani, ufukweni, msimame pale mpiga picha anaposimama. Kwa fundo la 250, mita 10 mbele yako utapata upana wa sentimita 88 tu: kichwa na mabega. Kwa fundo la 55 utapata mita 4. Kwaya iliyopangwa kwa upana wa mita 6 inataka usimame mita 15 nyuma ukiwa na milimita 55, na makanisa mengi ya kijiji hayana mita 15 za kurudi nyuma. Kwa hiyo lenzi ndogo iliyokuja na kamera msiiuze kamwe. Kwaya ni kazi yake.

Ndege nao wana hesabu yao. Ndege wa ufukweni mwenye urefu wa sentimita 40, akiwa mita 40 kutoka kwako, atajaza kama sehemu moja tu ya tisa ya upana wa picha kwa lenzi ya 250. Kwa lenzi ya 600 atazidi robo. Ndiyo maana wageni wa ndege hubeba lenzi zile ndefu kama mchi. Lakini msizikimbilie. Ni nzito, ni ghali, na kwa arusi hazifai kabisa. Kikundi chenye wageni wa ndege wachache kwa mwaka ni afadhali kijifunze kusogea polepole, au kukaa kimya mahali ndege wanapokuja wenyewe, kuliko kununua mchi.

Sasa mwanga, na hapa ndipo arusi ile iliharibika. Kwenye lenzi, baada ya milimita, kuna namba kama 1:4-5.6 au 1:1.8. Hiyo ni namba ya tundu la mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya tundu 1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi kuliko ya 5.6. Lenzi nyingi za kuvuta za bei nafuu huanza na 4 zikiwa fupi, na zikivutwa mpaka mwisho hubaki 5.6 au namba kubwa zaidi. Nje saa nne asubuhi hutaona shida. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, kamera hulazimika kuacha mlango wake wazi muda mrefu ili mwanga utoshe. Mkono wa mtu hautulii muda wote huo, na picha hutikisika.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika kwa mkono, kasi isipungue moja kwa namba ya milimita. Lakini kanuni hiyo ilitoka enzi za filamu ya milimita 36 kwa 24. Kwa kamera hizi zenye kipokezi kidogo, ongeza nusu tena. Lenzi ya 300 inataka takriban 1/500 ya sekunde. Mpiga picha wetu wa arusi alikuwa 1/30. Alikuwa polepole mara kumi na sita kuliko ilivyohitajika, basi moshi ule haukuwa muujiza.

Dawa mojawapo ni kituliza mtikisiko kilicho ndani ya lenzi. Kwenye lenzi za Canon tafuteni herufi IS, kwenye Nikon VR. Kituliza kizuri humruhusu mtu kupunguza kasi mara nane hivi na bado picha ikatulia. Lakini sikilizeni vizuri: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia mita mia. Kwa michezo mnahitaji 1/500 au 1/1000 hata mkiwa na kituliza, yaani mnahitaji jua. Dawa nyingine ni ya nyumbani: mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharagwe, uwekwe juu ya ukuta au ukingo wa mashua, na lenzi ilazwe juu yake. Hata waongozaji watalii wenye magari makubwa huitumia hii.

Tukiulizwa sisi, kikundi chenye kazi mchanganyiko (arusi, mahafali, mpira, ndege mara moja moja) na kamera ya kawaida kinunue kwanza lenzi ya 55–250 yenye kituliza. Ile ya Canon ya mwaka 2013, yenye herufi STM, ina uzito wa gramu 375 tu, na inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 85 mbele, kwa hiyo vikapu na shanga za akina mama zitapigwa nayo pia. Wenye Nikon wana ya 70–300 yenye VR. Lenzi ya pili, na hapa wengi hushangaa, isiwe ndefu zaidi. Iwe fupi yenye tundu kubwa, kama ya milimita 50 yenye 1.8, kwa ajili ya ndani ya kanisa. Ni katika zile za bei ya chini kabisa. Mpiga picha aombe ruhusa kwa mchungaji asimame karibu, pembeni, na kazi itafanyika bila kuvuta.

Mkinunua mtumba, nendeni watu wawili, mbebe kamera yenu wenyewe. Lenzi isiyoingia kwenye kamera yenu ni kipande cha chuma tu. Za Nikon zina mtego wake: lenzi za zamani za AF-D hazijilengi zenyewe kwenye kamera ndogo kama D3000 na D5000, na zile mpya za AF-P hazilengi kwenye kamera za zamani kama D90. Angazeni tochi ndani ya lenzi, mtazame kutoka upande wa pili. Mkiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Mwacheni muuzaji na lenzi yake. Zungusheni pete ya kuvuta, msikilize kama kuna mchanga. Kisha ivuteni mpaka mwisho, mpige picha ya ukuta wa matofali, mkuze picha ile kwenye kioo cha kamera mtazame katikati na pembe zote nne.

Na mkikaa pwani au kando ya ziwa, msiifungie lenzi kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kuvu hupenda giza. Wekeni kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachokaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, mvibadilishe mara kwa mara.

Maswali ya kujadili kikundini:

Andikeni kazi zote za picha mlizolipwa mwaka uliopita. Ngapi zilikuwa ndani ya jengo, ngapi nje?

Pimeni kanisa lenu au ukumbi wenu kwa hatua, kutoka mlangoni mpaka mahali maarusi wanaposimama. Kwa katoni yenu, ni fundo gani linalowatosha?

Mlipopiga picha ambayo mteja aliikataa, shida ilikuwa umbali, mwanga, au mkono?

Nani atatunza ufunguo wa kopo la lenzi, na ikianguka, nani atalipa? Katibu aandike jibu hilo kabla mweka hazina hajaenda benki.