SOMO KWA WASAFIRI: KUPANGA SAFARI YA BARA WAKATI MVUA IMEHARIBU BARABARA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa visiwa vyetu husafiri kwenda Tanzania Bara kwa kazi, biashara, masomo na kutazama jamaa. Aghalabu msafiri hushughulikia mapema tiketi ya boti, na habari za barabara akaziacha mpaka amekwisha kuvuka. Katika miezi ya mvua utaratibu huo una hatari. Somo hili linaeleza namna ya kupanga safari ndefu ya gari wakati huo. Mfano wetu ni safari ya Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya.

1. Misimu ya mvua hailingani

Sisi huku tumezoea vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kati yake huja kaskazi, na mtu huhesabu Januari na Februari kuwa ni miezi mikavu. Hesabu hiyo haifai Rungwe. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Tukuyu mvua huweza kufika Mei bila ya mapumziko. Anayeondoka Unguja Februari na jua la utosini hukuta huko matope, baridi na ukungu.

Sababu yake iko katika maumbile ya nchi. Upepo wa kusini-mashariki huchukua unyevu wa Ziwa Nyasa, ukapanda milima ya Rungwe na Livingstone, ukapoa na kumwaga mvua. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Rungwe hupindukia 2,000. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai na ndizi za Tukuyu, na ndiyo pia inayokata njia zake.

2. Mahali pa kukata shauri

Kutoka Dar es Salaam hadi Uyole, karibu na jiji la Mbeya, ni zaidi ya kilomita 800. Njia iliyozoeleka hupita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako. Msafiri asiitazame kuwa ni njia moja ndefu. Aigawe kwa miji ambayo akifika aweza bado kuchagua kuendelea, kupinda au kulala.

Mji wa kwanza wa namna hiyo ni Morogoro. Ikiwa kuna habari ya uharibifu Mikumi, Ruaha Mbuyuni au katika mteremko wa Kitonga, hapo ndipo pa kupindia kuelekea Dodoma, kisha kushuka Iringa kwa lami. Mzunguko huo huongeza takriban kilomita 200. Aliyekwisha kupita Mikumi hana tena nafasi hiyo ila kwa kurudi nyuma, na mlimani Kitonga hakuna njia ya pembeni.

Hata hivyo, njia ya akiba nayo yataka kuulizwa. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, lilichukuliwa na maji, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Safari hiyo magari ya Dodoma ndiyo yaliyolazimika kuzungukia Iringa. Barabara hizi mbili hutegemeana, na hakuna iliyo salama siku zote.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ni funzo jengine. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika mahali kadhaa, Somanga wilayani Kilwa pakiwa mojawapo, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Njia ya lami iliyobaki kwa mtu wa Lindi na Mtwara ilikuwa ya kupitia Makambako, Songea, Tunduru na Masasi. Boti za Unguja nazo zilisimama kwa muda. Kwa hiyo mpango wa safari uanze bandarini kwetu.

Mji wa mwisho wa kukata shauri ni Uyole. Kutoka hapo hadi Tukuyu ni takriban kilomita 60 kupitia Isyonje na Kiwira, na barabara kuu ya lami ni hiyo moja, ikiendelea hadi Kyela na mpaka wa Malawi, Kasumulu. Ramani itaonesha njia nyengine, kutoka Njombe kupitia Makete hadi Isyonje. Njia hiyo hupita uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi. Asiifuate mgeni wakati wa mvua kwa kuiona fupi katika karatasi. Kwanza aulize wenyeji.

3. Mvua ya juu, maji ya chini

Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupokea maji ya milima ya Rungwe na kuyapeleka katika uwanda wa Kyela, ziwani. Basi huenda Kyela kukawa na jua, na mto ukafurika kwa mvua iliyonyesha Tukuyu usiku wa jana. Anayekwenda Kyela aulize hali ya Tukuyu, wala asitosheke na kutazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake.

Mlima nao huweza kuporomoka baada ya mvua za siku nyingi. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya. Kwa hiyo gari isiegeshwe chini ya ukingo wa mlima uliolowa, hata ikiwa mvua imekatika na dereva anataka kupumzika.

4. Namna ya kuuliza

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa madaraja matatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Msafiri asikilize habari za mikoa yote atakayopita. Barabara kuu na za mikoa zi chini ya TANROADS. Za wilaya na vijiji zi chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Anayekwenda skuli au kituo cha afya kijijini amuulize pia mwenyeji wake wa huko.

Swali "Je, njia inapitika?" halitoshi, kwani mwenye pikipiki atajibu kuwa inapitika. Yaulizwe matatu: gari ya mwisho iliyopita ni ya aina gani? Ilipita lini? Mvua imenyesha tena tangu hapo?

5. Dhamana ya mkuu wa msafara

Ajali nyingi za maji hutokea kwa kuogopa kuchelewa. Mkutano umepangwa saa 3 asubuhi, masurufu yamehesabiwa kwa siku kamili, na dereva anaona haya kumkatalia mkubwa wake. Mambo haya hutengenezwa ofisini kabla ya safari. Afisa anayeidhinisha safari ya miezi ya mvua aweke siku moja ya akiba katika masurufu, na mkutano usipangwe asubuhi ya siku inayofuata kuwasili.

Maji ya kina cha sentimita 30 yaendayo kasi huweza kuisukuma gari ndogo. Sentimita 60 huchukua hata gari kubwa zaidi. Zaidi ya hayo, maji hufunika barabara iliyokwisha kumeguka. Dereva akisema hapapitiki, neno lake ndilo la mwisho, na mkuu wa msafara aandike hivyo katika ripoti yake bila ya kumlaumu. Penye hatari ipigwe simu 112 kwa Polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Muhtasari

Jua msimu wa uendako. Kata shauri Morogoro na Uyole, usingoje kufika penye shimo. Uliza mvua ya mlimani kabla ya kushuka bondeni. Weka siku ya akiba, na umsikilize dereva. Safari ya saa moja na nusu kutoka Uyole hadi Tukuyu yaweza kungoja mpaka kesho, na aliyelala Uyole akafika salama hakupoteza kitu. Wazee wetu walisema: kawia ufike.