Mpira wa Kudondosha na Suala la Sub: Ukiwa Fildi, Utapuliza Vipi?

Wanachuo wenzangu wa Elimu, ukipangiwa fildi Newala au Masasi, hata kama somo lako ni Kemia, siku ya michezo unaweza kukabidhiwa filimbi. Kwa hiyo tuzungumzie sheria mbili za soka ambazo mabadiliko yake bado yanaleta ubishi kwenye viwanja vya shule: mpira wa kudondosha na kubadilisha wachezaji.

Zamani refa akisimamisha mchezo bila faulo, labda mbuzi wamekatiza uwanjani, wachezaji wawili walisimama uso kwa uso, akauachia mpira katikati yao. Mwenye mguu mwepesi anaondoka nao. Mwaka 2019 IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, ikafuta kugombea huko. Sasa anadondoshewa mchezaji mmoja wa timu iliyougusa mwisho, wengine wote wanakaa mita 4 mpaka uguse chini. Kama ulikuwa ndani ya boksi, anapewa golikipa. Mwaka 2025 ikaongezwa kwamba nje ya boksi, kama refa anaona wazi ni timu gani ingeupata, basi hiyo ndiyo idondoshewe.

Wapo wanaosema utamu umeondolewa. Mimi siko upande wao. Kwenye kichanga, vijana wakiwa peku, miguu miwili ikivamia mpira mmoja kinachoumia ni ugoko. Tatizo langu ni jingine: refa uko peke yako, huna wa pembeni, nani aligusa mwisho? (Wenzetu wa kikapu walimaliza kesi kwa kupeana zamu.) Ukipuliza tu, nyoosha mkono kuonyesha upande utakaopewa, kabla hawajakuzunguka.

Kwenye sub ndiko kwenye moto. Kombe la Dunia 1970 ziliruhusiwa mbili. Mwaka 1995 zikawa tatu. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, zikawa tano kwa muda, na 2022 zikawa za kudumu. Tusidanganyane, sub tano ni raha kwa timu yenye benchi refu. Darasa lenye wachezaji 14 linafanyia nini sub tano? Na msimu wa korosho ukifika, hata hao 14 huwapati.

Nikiwa fildi Newala niliangalia mechi ya kidato cha tatu na cha nne. Cha tatu walimaliza sub zao tatu mapema. Mmoja wa waliotoka alikuwa amebanwa misuli tu. Akanywa maji, baada ya dakika kumi mzima kabisa. Kisha mwenzake akateguka kifundo. Timu ikamaliza na watu 10, huku yule mzima amekaa chini ya mkorosho anang'oa majani. Refa alisema sheria ni sheria.

Sawa, lakini ipi? Tangu 2017 sheria hizohizo zinaruhusu aliyetoka kurudi, kwenye soka la vijana na la ngazi ya chini, chama cha soka cha nchi kikikubali. Mechi ya madarasa haina hata kombe; walimu mnashindwaje kukubaliana?

Rafiki yangu aliyekuwa Masasi, kule chini kwenye joto, alinipinga. Anasema ukiruhusu kurudi, kocha atampumzisha straika wake kila akichoka, na yule asiyejua mpira ataingizwa dakika mbili za kuzugia. Tena mtoto akizoea hivyo, akifika UMISSETA atashangaa. Hoja ya UMISSETA naikubali: mechi za kuchagua timu ya shule zichezwe kwa sheria kamili ya mashindano. Hiyo ya straika ina dawa. Asirudi mtu yeyote mpaka kila aliye benchi awe ameingia, na mabadiliko yafanyike mpira ukiwa umesimama, kwa ruhusa ya refa. Kuhusu zile dakika mbili za kuzugia bado tunabishana. Mimi nataka kila anayeingia acheze dakika 15 kabla ya kutolewa, isipokuwa ameumia. Yeye anasema hakuna refa wa shule atakayehesabu.

Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi kabla ya mechi, makapteni wote wawili wasaini, na karatasi akae nayo refa mfukoni.