Hilali Haina Mpaka

Mella iko Tororo, mpakani na Kenya. Mpaka hugawa ardhi, lakini anga ya magharibi inabaki moja. Mtazama nyota wa kujifunzia haanzi na darubini. Huanza na macho, saa na daftari.

Chukua tarehe 3 Novemba 2013. Jua lilipatwa lote Pakwach, kaskazini mwa Uganda, baada ya saa kumi na moja jioni. Jua hupatwa mwezi unapopita mbele yake. Kwa hiyo lilipotua, mwezi ulikuwa na saa moja hivi tu tangu ulipite. Mwezi hujitenga na jua takriban nusu digrii kwa saa, na ili hilali ionekane kwa macho huhitajika karibu digrii 7. Jioni ile haikuweza kuonekana, ingawa Zuhura iling'aa upande uleule wa magharibi.

Je, jirani akisema "nimeiona", utamfuata? Ushahidi ni amana, na saumu za watu huutegemea. Anayeandika kwa ukweli "sikuiona" ametimiza wajibu wake. Mwezi utakamilishwa siku 30. Jioni ya 29 ijayo, toka na daftari lako.