Kete Sawa, Mifuko Tofauti: Mali na Nguvu katika Michezo ya Mkakati ya Mtandaoni

Katika baraza za Pangani mjini, na ng'ambo ya mto huko Bweni, wachezaji wa bao huanza wakiwa sawa. Kila mmoja ana kete 32: kumi ubaoni na 22 mkononi. Mwenye mashua tatu haongezewi kete mbele ya mkwezi wa minazi, na hatua ya pili ya mchezo, ambayo wazee huiita mtaji, haifunguki mpaka kete za mkononi zimekwisha.

Kijana anayecheza mchezo wa mkakati kwenye simu huingia uwanja wa namna nyingine. Humo mtaji hununuliwa kwa fedha halisi, tena kabla ya kete ya kwanza.

Tuchukue Clash of Clans, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Finland. Kuupakua ni bure. Mchezaji hujenga kijiji, huchimba dhahabu na kuvamia vijiji vya wenzake. Ujenzi wa ngazi za juu humtaka angoje siku kadhaa. Aliyenunua vito humaliza kwa mguso mmoja. Mgodi uliokuzwa hutoa dhahabu zaidi, dhahabu hiyo hukuza mgodi mwingine, na hivyo aliyetangulia kidogo leo huwa mbali sana baada ya miezi. Haki isemwe: mchezo huu humpunguzia nyara mshambuliaji anayemvamia mchezaji wa ngazi ya chini, na aliyebomolewa sana hupewa ngao ya muda. Ipo michezo isiyo na haya hiyo, inayotoa vyeo vinavyopanda kadiri mtu anavyolipa.

Wafanyabiashara wa michezo huwaita walipaji wakubwa "nyangumi". Ni wachache, lakini sehemu kubwa ya mapato ya michezo ya bure hutoka kwao. Wengine, tuseme ukweli, ni dagaa: wamo ili nyangumi apate wa kumshinda. Dagaa naye, akichoka kushindwa, huanza kununua kidogo kidogo. Hapo ndipo fedha ya nyavu au ya ada ya shule hupotea bila mwenyewe kuhisi.

Kutohisi huko kumepangwa. Shilingi hugeuzwa vito, vito hugeuzwa askari, na bei halisi husahaulika njiani. Tuseme kifaa unachokitaka ni vito 500, na vifurushi vinavyouzwa ni vya 450 au 1,200. Utanunua kikubwa, na salio litakuita kesho. Kabla ya kulipa, andika bei kwa shilingi kwenye karatasi, ujumlishe na za mwezi mzima. Usilipie vito kwa mkopo wa simu.

Masanduku ya bahati, ambayo yaliyomo hujulikana baada ya kulipa, yahitaji tahadhari zaidi. Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018.

Fahamu pia kwamba, kwa masharti ya kawaida ya michezo hii, ulichonunua si mali yako. Umepewa ruhusa ya kukitumia tu. Mnamo Januari 2014, pigano moja katika EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland, liliteketeza meli za kubuni zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola 300,000 hivi. Anayekuuzia akaunti "iliyojengwa tayari" kwa kawaida anavunja masharti hayo. Kampuni ikiifunga, fedha yako imekwenda.

Simu ikishikwa na mtoto, washa sharti la nywila kwa kila ununuzi, na namba yako ya siri ya fedha za simu asiijue. Ununuzi wa bahati mbaya kupitia Google Play uombewe marejesho ndani ya saa 48; baada ya hapo mara nyingi utaelekezwa kwa mtengenezaji wa mchezo. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ikiwa makato yamefanyika kwenye salio lako la simu bila idhini, anza kulalamika kwa kampuni yako ya simu na uombe namba ya lalamiko. Usiporidhika, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tangazo la udanganyifu lipelekwe Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha ya tangazo lenyewe na tarehe uliyoliona.