Kigari cha Kiganjani: Kwa Nini Kimoja Hugombewa na Kingine Husahaulika

Pita Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, pale wanapomwaga vitu vya kuchezea vya mitumba. Ndani ya rundo huenda ukaona vigari vya madini, vidogo kama kidole. Muuzaji huviuza vyote kwa bei moja. Mkusanyaji akija, hukipindua kimoja kimoja, akasoma maandishi ya tumboni, kisha akaondoka na kimoja tu. Anatafuta nini? Fuatana nami hatua kwa hatua, ili siku ukikuta kigari cha zamani kabatini usikitupe ovyo, wala usiuziwe cha kawaida kwa bei ya dhahabu.

Kwanza, vigari hivi ni vipi?

Ni vigari vinavyotengenezwa kwa kumimina mchanganyiko wa zinki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Ukubwa wake hutajwa kwa skeli, yaani gari halisi limepunguzwa mara ngapi. Gari la mita nne na nusu, likiwa la skeli ya 1:64, huwa na urefu wa sentimita 7 hivi; kwa 1:43 ni kama sentimita 10 na nusu; kwa 1:18 ni sentimita 25. Vigari vingi vya chapa za Hot Wheels na Matchbox hukaribia 1:64. Mkusanyaji anayeanza huchagua skeli moja, maana nafasi ya kabati huisha upesi kuliko hamu.

Kwa nini watu wazima wanavitaka?

Kwa sababu ya hadithi ya gari lenyewe. Mfano wa karibu nasi ni mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huohuo, jijini London, kampuni ya Lesney iliuza zaidi ya vigari milioni moja vya farasi vilivyoiga kile cha kutawazwa. Lesney ndiyo iliyozaa Matchbox, jina linalotokana na kiboksi cha kiberiti: binti wa fundi wake, Jack Odell, aliruhusiwa kwenda shuleni na kitu cha kuchezea kinachoenea humo tu.

Datsun 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Ndiyo maana kampuni ya Hasegawa ya Japani, nchi ilikotoka Datsun, imetengeneza mfano wa plastiki wa kuunganisha wa ile ya 1971. Anayeununua hununua pia vumbi na matope ya barabara zetu.

Je, uchache wa kigari unatosha kukipa thamani?

Uchache husaidia, ila uwe wa kweli. Mwaka 1969 kampuni ya Mattel, wenye Hot Wheels, ilijaribu kutengeneza basi dogo la Volkswagen lenye mbao za kuteleza mawimbini zilizochomoza kwenye dirisha la nyuma. Lilikuwa jembamba mno, halikuenda vizuri kwenye mashine ya kusukuma vigari, likabuniwa upya kwa umbo pana zaidi. Machache ya majaribio yaliyobaki husakwa sana. La rangi ya waridi limekadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 100,000 za Marekani.

Lakini usidanganywe na kadi ya kifungashio iliyoandikwa kwamba toleo ni dogo. Kila mtu akihifadhi chake bila kukifungua, miaka 30 baadaye vyote vitakuwepo. Vigari vya zamani vilivyo bora vimeadimika kwa sababu watoto walivipenda, wakavichezea, wakavivunja. Watoto hao sasa ni wazee wenye pesa, na wanautafuta utoto wao.

Nikikuta kigari, nikague nini?

Pindua tumbo lake usome jina, nchi na mwaka. Angalia hapa: kwenye Hot Wheels mwaka ule ni wa haki ya ubunifu wa umbo, si lazima uwe mwaka kilipotoka kiwandani. Kisha tazama magurudumu. Mstari mwekundu kwenye tairi ni alama ya Hot Wheels za kati ya 1968 na 1977. Kwa vigari vya sasa, tairi za mpira pamoja na herufi TH ubavuni huonyesha toleo adimu linalochanganywa na vigari vya kawaida madukani.

Hesabu pia vipande. Kampuni ya Corgi ilipotoa gari la James Bond, Aston Martin DB5, mwaka 1965, liliuzwa kwa mamilioni. Ndani yake kuna mtu mdogo anayerushwa juu kwa kiti. Mtu huyo hupotea kirahisi, na akikosekana bei hushuka. Kiboksi cha awali nacho huipandisha sana. Wala usipake rangi mpya: mkusanyaji hupendelea rangi ya kiwandani iliyochubuka kuliko mpya ya kopo.

Inagharimu kiasi gani?

Hot Wheels ya kawaida huuzwa Marekani kwa dola moja na ushee. Huku kwetu huzidi, kwa sababu ya usafirishaji na ushuru. Mifano ya 1:43 na 1:18 hufika makumi ya dola, mingine mamia. Kwa cha zamani, fungua eBay na uchuje vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayoomba mtu ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Nikihifadhi wapi?

Kabatini, mbali na jua linalofifisha rangi. Anayeishi Pwani aepuke unyevu, maana ekseli hushika kutu na kadi huota ukungu. Vigari vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hukaguliwa nyufa: zinki iliyoingiwa na madini ya risasi hupasuka yenyewe polepole, na haina dawa.

Usinunue kigari kwa kutumaini utajiri. Nunua cha gari unalolijua, labda lile alilowahi kuendesha baba yako. Na ukikagua ukakuta ni cha kawaida, mpe mtoto aliyevuka miaka mitatu akichezee. Ndiyo kazi kilichotengenezewa.