Masika haya, mfunze kijibwa choo kabla ya kumpa lindo

Mvua ya masika ikishika kasi kati ya Machi na Mei, wengi wetu hapa Satellite na Riruta, Nairobi, huwa tumeshapanda: sukuma kwenye magunia, spinachi kando ya ua, vifaranga ndani ya banda la mabati. Na kwa kuwa wezi wa kuku hawana likizo, wengi huleta mtoto wa mbwa wa kulinda. Wiki haiishi kabla malalamiko hayajaanza: amejisaidia juu ya miche, ametafuna mpira wa maji, ametoroka na kiatu cha shule. Mwenye mbwa anashika fimbo. Fimbo haitakusaidia hapo. Kinachomfunza mbwa ni ratiba.

Choo

Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Kijibwa wa miezi miwili huweza kuzuia mkojo kwa saa mbili hivi, wa miezi mitatu saa tatu, usimdai zaidi. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala, na usiku umwamkie angalau mara moja. Mlishe kwa saa zilezile badala ya kumwachia sahani kutwa nzima: kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa.

Mpeleke mahali pamoja kila mara, usimame naye kimya. Akimaliza tu, papo hapo, mpe omena moja na umsifu. Ukingoja mpaka mrudi ndani, ataelewa kwamba omena ni malipo ya kuingia mlangoni.

Siku za mvua vijibwa wengi hukataa kukanyaga matope baridi. Tenga kona chini ya mabati, mbali na mboga, umwage maranda. Maseremala wa Ngong Road wanayo tele. Juu yake weka kipande cha gazeti chenye mkojo wake. Harufu hiyo ndiyo itakayomrudisha hapo kesho.

Akikosea ndani, osha kwa sabuni, kisha upanguse kwa siki iliyozimuliwa na maji. Usimwage Jik juu ya mkojo, kwani hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Na ile desturi ya kumsugua pua kwenye mkojo wake iache kabisa. Haimfunzi choo, inamfunza kujificha: kesho utaukuta mkojo nyuma ya kochi.

Kutafuna

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Yanapong'oka, kuanzia miezi minne hivi, fizi humsumbua sana, na atatafuna chochote hadi atakapopata meno yote 42 ya ukubwani, akikaribia miezi saba. Huwezi kumkataza, ila unaweza kumchagulia. Kitambaa kigumu kilichofungwa fundo kubwa na kuloweshwa maji baridi kinafaa, karoti nzima pia. Akishika kitu kisichomhusu, usikimbizane naye, maana atadhani ni mchezo. Mwonyeshe kilicho chake, akiachia kile cha kwanza msifu.

Usimpe kiatu kikuukuu. Mbwa hawezi kutofautisha kiatu cha kutupa na kile ulichonunua jana. Usimpe mfupa uliopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha. Gunzi la mahindi choma nalo ni hatari: hukwama kwenye utumbo, na mara nyingi hulitoi bila upasuaji. Kokwa la parachichi ni vivyo hivyo.

Mabomba ya matone yafukie au uyazungushie ua hadi amalize kuota meno. Msimu huu koa na konokono huongezeka, na chambo cha kuwaua humvutia mbwa na kumuua pia. Kiweke juu, pamoja na dawa ya panya.

Kinyesi chake si samadi

Samadi ya ng'ombe ina sifa zake. Kinyesi cha mbwa kisikaribie sukuma. Mayai ya minyoo yake hudumu udongoni kwa miaka, na mtoto anayecheza mchangani akiyameza, minyoo michanga huweza kufika kwenye ini au jicho. Mayai hayo huchukua wiki mbili hivi au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hivyo anayezoa kila siku huwa ameyawahi. Kitupe chooni au ukifukie mbali na mboga, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kijibwa naye apewe dawa ya minyoo mapema.

Chanjo

Usimtembeze barabarani kabla hajamaliza chanjo za utotoni. Virusi vya pavo hudumu udongoni kwa miezi na huua vijibwa upesi. Akifika miezi mitatu achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kisha urudie kila mwaka. Ugonjwa huo uliripotiwa nchini tangu 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi, na mpaka leo bado unaua watu. Mtafute daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, usitegemee mchuuzi wa sindano.

Leo jioni andika kwenye karatasi saa zake za kula na za kutoka, ubandike mlangoni. Kila mtu wa nyumbani azifuate, watoto wakiwemo. Nyumba ambayo kila mtu ana sheria yake hailei mlinzi.